Gundi haikukosa: simulizi ya vigae vya Shuttle na wanaobebeshwa lawama

Kuna simulizi inayorudi kila chombo cha anga kinapotua, na kwa Kiswahili imeshakuwa kama wimbo wa mchakamchaka. Chombo kinashuka kwa kasi, hewa inakisugua, msuguano unaleta joto kali, joto linayeyusha gundi, kigae kinadondoka, chombo kinaungua. Mfano: Columbia, 2003. Maswali? Hakuna. Tunaendelea na mada nyingine.

Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye video zinazozungushwa kwenye magrupu, na nimeisikia kwa wenzetu wa sayansi ambao kwenye fani zao wako makini mno. Mimi ni mtu wa miamba, si wa roketi. Niko Singida kwa kazi ya uwandani, nashinda juani na nyundo kati ya Ikungi na mjini. Lakini hili la vitu kubanduka ndilo ninalolisoma kila siku, kwa hiyo simulizi ile inanikera kwa namna ya pekee. Karibu kila kiungo chake kimekaa vibaya, na palipokaa vibaya zaidi ni pale inapomtafuta wa kumlaumu.

Nianze na msuguano, nipite haraka. Mtu aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua kwamba pampu inapata moto pale chini, karibu na mpira. Sehemu kubwa ya moto ule inatokana na hewa iliyobanwa ikakosa pa kwenda. Chombo kinachorudi kutoka kwenye mzunguko wa dunia kinakwenda karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake haina muda wa kukipisha, inabanwa, na wimbi la mshtuko linasimama mbele ya chombo. Joto kubwa linazaliwa huko, ndani ya hewa yenyewe, kisha sehemu yake inafika kwenye ngozi ya chombo. Msuguano upo, ila si mwenye shughuli. Ndiyo maana vyombo hivi vina tumbo pana na pua butu, kwa sababu umbo butu linalisukuma wimbi lile mbali kidogo na joto jingi linaondoka na upepo. Kama msuguano ndio ungekuwa adui, wangechonga kitu chembamba kama mkuki.

Na nishati yenyewe ni ya kutisha. Kwa kasi ile, kila kilo ya chombo imebeba megajuli 30 hivi, karibu sawa na kilo moja ya mkaa mkavu ukiungua wote. Shuttle ilirudi ikiwa na uzito wa tani 100 hivi. Tani mia za mkaa, aisee, na unatakiwa uzimalize bila kuunguza sufuria.

Sasa tuje kwenye joto linaloyeyusha gundi. Hapa nina swali dogo tu: vigae vilitoka lini?

Machi 1979, Columbia ilipobebwa mgongoni mwa ndege aina ya Boeing 747 huko California, vigae vilianza kupukutika. Vingi vilikuwa vya muda, vimewekwa kujaza nafasi, lakini havikuwa vyote. Hiyo ni ndege ya kawaida, mwendo wa ndege, baridi ya huko juu. Joto liko wapi? Kisha 12 Aprili 1981, John Young na Robert Crippen waliruka na Columbia kwa mara ya kwanza. Walipofika angani na kufungua milango ya mgongoni, waliona mapengo kwenye vibanda vya injini za nyuma. Hesabu ya mwisho ikawa vigae 16 vimetoka na 148 vimeharibika. Mapengo yale waliyaona kabla ya kuanza kurudi, yaani kabla ya joto. Kilichovitoa ni mtikisiko na mshindo wa kuruka. Mwaka huohuo wa 1981, safari ya pili ilipokuwa inaandaliwa, mafuta ya roketi yalimwagika kwenye pua ya chombo, na vigae zaidi ya 300 vikalazimika kutolewa na kubandikwa upya. Chombo kimesimama, hakijawashwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya habari ya vigae kutoka ni habari ya vitu vya baridi, na simulizi yetu inaruka yote hayo ili ifike kwenye moto. Naelewa, moto unauza.

Kigae chenyewe ni kitu cha ajabu, na hapa nitakaa kidogo. Ni nyuzi za silika, yaani mchanga msafi uliovutwa ukawa kama pamba, zikaunganishwa kwa kuchomwa. Zaidi ya asilimia 90 ni hewa tupu. Mita moja ya ujazo ina kilo 144 tu, wakati maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Kwa nje kina ngozi nyeusi ya kioo. Kinahimili zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi tena na tena, ila ukikigonga na kidole kwa nguvu kinabonyea. Chini yake ni bamba la alumini ambalo halitakiwi kuzidi nyuzi 177 hivi.

Tatizo liko kati ya hawa wawili. Chukua kipande cha alumini cha sentimita 15, upana wa kigae kimoja cha tumboni. Kitoe kwenye nyuzi 20 ukifikishe kwenye 177. Kitarefuka kwa nusu milimita. Silika ya urefu huohuo itarefuka kwa milimita 0.01 tu. Mmoja anajinyoosha, mwingine hajisikii, na wamefungwa pamoja. Isitoshe bamba lile linapinda wakati chombo kinapaa. Ukikibandika kigae moja kwa moja kwenye alumini, kitapasuka. Wahandisi walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana katikati waliweka pedi ya felti laini kama godoro jembamba, gundi ya silikoni juu na gundi ya silikoni chini, na kati ya kigae na kigae wakaacha nafasi ya zaidi kidogo ya milimita moja.

Kila kimoja kilipimwa peke yake. Kigae kilifaulu. Felti ilifaulu. Gundi ilifaulu, tena vizuri. Kisha vikaunganishwa, vikavutwa, na muungano ukakatika kwa karibu nusu ya nguvu iliyotarajiwa. Ikabidi watafute mchawi.

Hakuwa gundi. Felti ile ilikuwa imetengenezwa kwa kuchomwachomwa na sindano ili nyuzi zake zishikane, na kila sindano ilipopita ilibaki nyuzi iliyosimama wima, ngumu kuliko jirani zake. Ukivuta, mzigo hausambai kwenye eneo lote la kigae. Unakimbilia kwenye nyuzi zile zilizosimama, na kila moja inavuta sehemu yake ndogo ya silika mpaka inamegeka. Kigae kikitoka namna hiyo, gundi inabaki palepale ilipopakwa, imeshikilia ngozi nyembamba ya kigae. Mshitakiwa amekutwa kazini, ameshika.

Hapa nalaumu Kiswahili cha simulizi ile, maana lugha yetu ilishampa msimulizi kila anachohitaji. Kudondoka ni neno la mwisho wa safari, linasema tu kitu kimefika chini. Lakini tunayo kubanduka, pale gundi inapoachia. Tunayo kumeguka, pale kitu chenyewe kinapovunjika kikaacha kipande. Tunayo kung'oka, kuchubuka, kubambuka, kufumuka. Mama anayeosha sufuria anajua tofauti ya ukoko uliobanduka na ukoko uliomeguka, kwa sababu wa pili unamwachia kazi. Vigae vya 1979 vilimeguka. Ukisema vilibanduka umeshatoa hukumu dhidi ya gundi. Ukisema vilidondoka hujasema kitu.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza: upande wa chini wa kigae ulipakwa mchanganyiko wa silika laini uliozama kina cha milimita mbili na ushee, ukakauka ukawa kama bamba gumu ndani ya kigae chenyewe. Sasa nyuzi zilizosimama zikivuta, zinalivuta bamba lote, na mzigo unasambaa. Nguvu ikarudi. Lakini chombo kilikuwa na vigae zaidi ya 30,000, kila kimoja na umbo lake na namba yake, na maelfu vilikuwa tayari vimebandikwa. Vingine vilijaribiwa kimoja kimoja kwa kifaa kinachonyonya na kuvuta, vingine viling'olewa vikaanza upya. Huo ni mmoja wa sababu kubwa zilizofanya safari ya kwanza ichelewe kwa miaka.

Kwa nini mtu wa Singida ajali? Nitoe sababu mbili, moja ya mawe na moja ya nyumba.

Anayekuja Singida kutoka Dodoma, akishapanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda na kupita Manyoni, anaanza kuona miamba ya matale mikubwa imerundikana kama viazi vya gulio. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mingi inajivua maganda, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Sekondari tulifundishwa sababu yake: mchana jua kali, usiku baridi, nje kunatanuka na kusinyaa kuliko ndani, ganda linatoka. Unaona ndugu yake? Ni simulizi ileile ya kigae. Joto lilifanya.

Mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, David Griggs, aliamua kuijaribu. Alichukua kipande cha matale kilichong'arishwa, akakipasha na kukipoza mara 89,400, sawa na siku za miaka 244, katika hali kavu. Hakuona ufa. Alipoanza kukipoza kwa maji, mabadiliko yalionekana kabla ya kufikia hata miaka mitatu ya namna hiyo. Wanajiolojia wakahamia kwenye maelezo mengine: maji, na msongo ambao mwamba umeubeba tangu ulipokuwa chini ya ardhi umebanwa na mzigo wa juu yake. Mzigo ukimomonyoka, mwamba unataka kufumuka kuelekea nje. Joto halikufutwa moja kwa moja. Agosti 2014, siku za joto kali, kuba la matale huko Twain Harte, California, lilipasuka kwa kishindo na maganda yakainuka watu wakishuhudia. Lakini hata hapo jua lilisukuma kitu kilichokwisha kukazwa kwa muda mrefu. Ganda la Singida na kigae cha Columbia vinafanana hapo: joto huja limekuta mambo yameshaiva.

Ya nyumba ndiyo inayoniuma zaidi. Singida mjini inajengwa kwa kasi, na siku hizi ukuta wa mbele wa duka au baraza bila tailizi unaonekana haujaisha. Baada ya msimu mmoja au miwili ya jua, zile za upande wa magharibi zinaanza kuvimba, zinalia wazi ukizigonga, kisha zinatoka. Mwenye nyumba anasema nini? Fundi kachakachua simenti. Na mara nyingi malipo ya mwisho ya fundi yanaishia hapo.

Sasa itazame tailizi iliyotoka kwa jicho la 1979. Geuza mgongo wake. Ukikuta simenti imeshika sehemu chache tu katikati na kona ziko tupu, basi mzigo ulikuwa unakimbilia kwenye vidonge vile, kama kwenye nyuzi za felti. Hilo kweli ni la fundi. Lakini tazama na mengine. Ukuta ulipigwa lipu lini? Lipu na zege vinasinyaa kadiri vinavyokauka, tailizi haisinyai, na aliyetaka kuhamia kabla ya Krismasi si fundi. Kati ya tailizi na tailizi pana nafasi? Wateja wengi wanataka zibanane, mistari isionekane, ndiyo usasa. Zikipata jua zikatanuka hazina pa kwenda, zinasukumana, na moja inainuka. Mvua ikiingia kwa juu na maji yakakaa nyuma, umeongeza mwingine. Na sehemu zenye udongo wa chumvi, kama karibu na maziwa yetu Singidani na Kindai, maji yanapanda ukutani yakiwa yamebeba chumvi, yanakauka, chumvi inajenga fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Simenti nzuri kiasi gani itashinda hapo?

Neno "gundi mbovu" lina mtu ndani yake. Lina fundi aliyepiga magoti. Nafasi iliyokosekana, haraka ya mwenye mali, mchoro usiohesabu mtanuko, hivyo vyote vinatoka nje ya sentensi.

NASA nao walikuwa na fundi wao wa kusimuliwa. Mwaka 1990 Elisabeth Paté-Cornell wa Stanford na Paul Fischbeck walikamilisha uchunguzi wa hatari za vigae, na ndani yake mna kisa kinachopendwa mno mitandaoni: fundi alikuwa anatema mate kwenye gundi ili ikauke haraka, kumbe inadhoofisha mshiko wake. Watu wanacheka, wanasambaza, kwisha. Hawaendelei kusoma. Waandishi wale walionyesha pia kwamba mafundi wa vigae walikuwa wanalipwa chini kuliko mafundi wenzao, kwamba walikuwa wanahamahama, kwamba ratiba iliwabana. Na lililo kubwa zaidi, walikokotoa kwamba karibu asilimia 85 ya hatari ya vigae ilikaa kwenye asilimia 15 tu ya vigae, kulingana na mahali vilipo na kilicho chini yake. Maana yake unaweza kuweka macho yako na muda wako pale panapoua, badala ya kukagua 30,000 kwa usawa. Mimi naona hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika habari nzima ya vigae. Mate yamelifunika.

Hesabu hiyo inavunja na kipande kingine cha simulizi, kile cha kigae kimoja kikitoka chombo kinakwisha. Wengine wanaongeza kwamba kimoja kikitoka vyote vinafuatana kama zipu. Ilikuwa hofu ya kweli kabla ya 1981, lakini 16 vilitoka na zipu haikufunguka. Desemba 1988 Atlantis ilirudi na vigae zaidi ya 700 vimeharibika kwa kugongwa na kipande kilichotoka kwenye roketi ya pembeni. Kimoja kilikuwa hakipo kabisa. Pale kilipokosekana, chini yake palikuwa na bamba nene la kushikia antena, likaanza kuyeyuka, na watu watano wakatua salama. Bahati, ndiyo. Lakini bahati yenye anwani: pale, si kwingine.

Na Columbia yenyewe, mfano unaotumika kufungia hoja? Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu la tangi la mafuta, chepesi kuliko kilo moja, kiligonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kwa mwendo wa karibu kilomita 800 kwa saa. Ukingo ule haukuwa na vigae vya silika. Ulikuwa na paneli za kaboni iliyoimarishwa kwa kaboni, zilizofungwa kwa vyuma, bila gundi wala felti. Paneli ya nane ilitobolewa. Tarehe 1 Februari hewa ya moto iliingia kwa tundu hilo na watu saba wakafa. Hakuna kigae kilichoanza msiba ule, na hakuna fundi vigae wa kuulizwa. Waliopaswa kuulizwa ni waliozoea kuona povu likitoka safari baada ya safari na kuliita jambo la matengenezo, na waliokataa kuomba picha za bawa wakati chombo bado kiko juu. Ukisema "kigae kilidondoka" umewafutia wote hao faili.

Wapo watakaosema mambo ya Shuttle ni ya wazee, imeshastaafu tangu 2011. Haya, tuje kwa Orion, chombo cha kwenda Mwezini. Ngao yake haina vigae vya kuzuia joto. Inajila yenyewe, ngozi inaungua kuwa mkaa na kuondoka na joto. Kimondo cha Ivuna kilichoanguka mwaka 1938 huko kusini-magharibi, upande wa Ziwa Rukwa, kilifika kwa njia hiyo hiyo: nje kimeyeyuka, ndani madini yake bado yana maji ya kale. Kutoka kwa ngozi si kosa, ndiyo kazi yenyewe. Lakini Orion iliporudi 11 Desemba 2022, mkaa ule ulikuwa umemeguka vipande zaidi ya sehemu 100, namna ambayo haikutarajiwa. Habari za Kiswahili nilizosoma ziliandika kwamba ngao ilizidiwa na joto.

Desemba 2024 NASA walitoa maelezo yao. Orion iliingia kwenye hewa, ikadunda juu kidogo, ikaingia tena. Katikati ya miingio hiyo joto la nje lilipungua. Ndani ya ngao gesi ziliendelea kutengenezwa, ila juu mkaa wenye matundu haukuwa unajengeka kwa kasi ya kutosha kuzipitisha. Gesi zikanaswa, shinikizo likapanda, ngao ikapasuka kwa ndani kama chungu kilichoingizwa motoni na maji yake. Kwenye majaribio ya ardhini moto ulikuwa mkali kuliko ule wa kweli, mkaa ukajengeka vizuri, gesi zikatoka, na tatizo halikuonekana. Kwa maneno mengine, ngao ilimeguka pale moto ulipopoa.